Istilahi za Git kwa mpangilio wa kazi: kazi yako iko wapi sasa hivi?

"Kaka, nimepushi tangu saa nne, mbona huko kwenye seva hakuna kitu?"

Dogo aliyenipigia simu hakuwa anadanganya. Alikuwa ameandika msimbo wake vizuri, akausevu, akauadi, akaukomiti, na kila hatua ilikubali bila kelele. Kupushi tu ndiko hakupushi. Kwake maneno yote manne yalikuwa na maana moja: nimemaliza. Tulipoteza karibu saa nzima tukiikagua seva isiyo na kosa lolote, mpaka nilipomwomba anisomee amri alizoandika kwenye terminali, moja baada ya nyingine. Alipofika ya mwisho akanyamaza mwenyewe.

Tangu siku hiyo nikimfundisha mtu Git, yaani programu inayotunza historia ya mabadiliko ya mradi, simwanzishii amri. Namwanzishia swali: kazi yako iko wapi sasa hivi? Istilahi nyingi zinazowatisha wanaoanza ni majina ya mahali kazi inapokaa, au majina ya safari kutoka mahali hapo kwenda pengine. Ukijua mahali, amri zinajieleza.

Chukua mfano wa mzigo unaotuma kwa basi kutoka Dar kwenda Mwanza. Vitu vimetapakaa chumbani. Unachagua vinavyokwenda na kuvitia kwenye boksi. Unalifunga boksi, unaandika juu yake lina nini na ni la nani. Halafu unalipeleka stendi. Chumba ni folda yako ya kazi. Boksi lililo wazi ni eneo la maandalizi. Boksi lililofungwa na kuandikwa ni komiti. Kulipeleka stendi ndiko kupushi. Dogo wangu alifunga boksi vizuri sana, akaliacha mlangoni. Mfano huu una kasoro moja, nayo uijue mapema: kitu kikitoka chumbani hakipo tena chumbani, ilhali Git inanakili tu, na faili lako linabaki pale pale lilipokuwa.

Tutafuata kazi moja mwanzo hadi mwisho: programu ndogo ya kukokotoa riba ya mikopo ya kikoba. Maneno nitayaandika kama tunavyoyatamka kazini. Amri zitabaki kama zinavyoandikwa kwenye terminali.

Hatua ya 1: Jitambulishe

git config --global user.name "Jina Lako"
git config --global user.email "barua-pepe-yako"
git config --global init.defaultBranch main

Jina na barua pepe huandikwa ndani ya kila komiti utakayofunga, milele. Watu wengi huweka chochote ili Git iache kuwasumbua, kisha miezi mitatu baadaye wanashangaa kazi yao haihesabiwi kwenye akaunti yao ya GitHub, tovuti inayotunza miradi ya Git mtandaoni. GitHub inakutambua kwa barua pepe iliyo ndani ya komiti, kwa hiyo weka ile uliyoisajili kule.

Mstari wa tatu unataja jina la tawi la kwanza. Kwa miaka mingi Git imeliita master. GitHub ilianza kutumia main kwa hazina mpya Oktoba 2020, na ndiyo maana mafunzo ya zamani na mapya hayaelewani. Ukiona master mahali, ujue ni jina tu la tawi. Halina nguvu yoyote ya pekee.

Hatua ya 2: Fungua hazina

mkdir kikoba
cd kikoba
git init

Hazina, au ripo kama wengi wanavyoikata, ni folda ya mradi pamoja na kumbukumbu ya kila kilichowahi kukomitiwa humo. Kumbukumbu hiyo inakaa kwenye folda iliyofichwa iitwayo .git, ambayo amri ya git init ndiyo imeiunda. Ukiifuta .git, mafaili yako yatabaki lakini historia yote imekwenda na maji. Ukiinakili folda nzima ya kikoba kwenye flashi pamoja na .git yake, umebeba hazina kamili.

Angalia uko folda gani kabla ya kuandika git init. Nimeshaona mtu akiifungulia hazina folda yake kuu ya kompyuta, na Git ikaanza kumwuliza kuhusu picha za harusi.

Hatua ya 3: Uliza hali

Andika faili riba.py lenye mistari miwili:

def riba(mkopo):
    return mkopo * 0.10

Lisevu, kisha:

git status

Git itakuambia kuna faili lisilofuatiliwa. Yaani inaliona chumbani, lakini hujawahi kuiambia ilitunze. Kusevu ni shughuli ya kihariri chako na diski, Git haina habari nayo. Amri ya git status haibadilishi chochote, kwa hiyo iandike kila unapopotewa, hata mara ishirini kwa siku. Mimi baada ya miaka yote hii bado naiandika kabla na baada ya karibu kila amri nyingine.

Hatua ya 4: Tia boksini

git add riba.py

Hapa ndipo tunaposema kuadi. Kilichoadiwa kiko kwenye eneo la maandalizi, na hakijawa sehemu ya historia. Eneo hili lipo ili uweze kuchagua. Umerekebisha mafaili matano leo, mawili ni ya hesabu ya riba na matatu ni ya mwonekano wa skrini. Unaadi yale mawili, unakomiti, kisha unaadi matatu yaliyobaki na kukomiti tena. Atakayesoma historia atakushukuru.

Kuna mtego unaowanasa hata wazoefu. git add inachukua faili lilivyo sekunde ile. Ukiadi, kisha ukarudi kwenye kihariri na kubadilisha mstari mmoja, mabadiliko hayo mapya hayamo boksini. git status itaonyesha faili moja mara mbili, juu kama lililoandaliwa na chini kama lililobadilishwa, na watu hudhani programu imechanganyikiwa. Haijachanganyikiwa. Kuna toleo la boksini na toleo la chumbani. Ili kuyaona:

git diff
git diff --staged

Ya kwanza inaonyesha tofauti kati ya chumba na boksi. Ya pili, kati ya boksi na komiti ya mwisho. Mstari wenye alama ya kutoa umeondolewa, wenye alama ya kujumlisha umeongezwa.

Kabla hujazoea kuandika git add . (nukta, yaani kila kitu), tengeneza faili liitwalo .gitignore na uandike humo majina ya vitu visivyopaswa kutunzwa: folda za vifurushi ulivyopakua na, zaidi ya yote, faili la .env lenye funguo za siri. Ikiwa programu yako inaongea na huduma ya malipo ya simu, ufunguo wake usiingie kwenye komiti kabisa. Ukishaingia na kupushiwa, kulifuta faili kwenye komiti inayofuata hakusaidii kitu, kwa sababu komiti ya nyuma bado inao na mtu yeyote mwenye hazina anaweza kuufungua. Dawa ni kwenda kwa mtoa huduma kuubatilisha ufunguo na kuomba mwingine. Na .gitignore haigusi faili ambalo tayari linafuatiliwa. Hilo utaliondoa kwanza kwa git rm --cached .env, ambayo inaliacha chumbani lakini inaacha kulifuatilia.

Hatua ya 5: Funga boksi

git commit -m "Ongeza hesabu ya riba ya asilimia 10"

Komiti ni picha ya mradi mzima kwa wakati huo. Wengi hudhani ni orodha ya mabadiliko tu, kwa sababu GitHub inawaonyesha tofauti. Ndani, Git inahifadhi mafaili yote yalivyokuwa. Faili ambalo halijabadilika halinakiliwi upya, linaelekezwa tu kwenye nakala iliyopo. Tofauti unazoziona zinakokotolewa pale unapoziomba, kwa kulinganisha picha mbili.

Kila komiti ina jina lake linaloitwa heshi, herufi na tarakimu 40 zinazokokotolewa kutokana na kilichomo: mafaili, jina lako, muda, ujumbe, na heshi ya komiti iliyotangulia, yaani mzazi wake. Kwa kawaida tunataja 7 za mwanzo. Kwa kuwa heshi ya mzazi imo ndani ya heshi ya mtoto, huwezi kubadilisha komiti ya mwezi uliopita kimyakimya. Ukiigusa, heshi yake inabadilika, na ya mtoto wake, na ya mjukuu, mpaka ya leo.

git log --oneline

Amri hiyo inaorodhesha komiti, mpya juu. Kuhusu ujumbe, ushauri wangu ni mfupi: andika kama unaiagiza programu, "Rekebisha", "Ongeza", "Ondoa", na useme sababu kama haionekani kwenye msimbo. "Rekebisha riba" haisaidii. "Punguza riba hadi asilimia 8 kufuatana na kikao cha wanachama" inasaidia. Kwa Kiswahili au Kiingereza? Kama timu yote inaongea Kiswahili, andikeni Kiswahili bila kuomba radhi. Kama kuna mwenzenu asiyekijua, mwandikieni anachokielewa.

Wazee wa kazi hii wanaweza kukuchanganya hapa. Kwenye Subversion, mfumo ulioanza mwaka 2000, historia ilikaa kwenye seva, na kukomiti kulimaanisha kupeleka kazi huko moja kwa moja. Mtu aliyezoea enzi hiyo akikuambia "nimekomiti" anaweza kumaanisha kwamba imefika. Kwenye Git haijafika popote.

Hatua ya 6: Chukua tawi

Hatua hii isome taratibu, kwa sababu ndiyo inayoharibiwa zaidi na maelezo mabaya.

Wanachama wa kikoba wanafikiria kubadili riba iwe ya kila mwezi. Hutaki kuvuruga programu inayofanya kazi, kwa hiyo unachukua tawi:

git switch -c riba-kwa-mwezi

Mafunzo mengi husema tawi ni nakala ya mradi. Si nakala. Tawi ni kibandiko chenye jina, kilichobandikwa kwenye komiti moja. Kwenye hazina mpya kama yetu unaweza kukiona kwa macho: fungua .git/refs/heads/riba-kwa-mwezi na utakuta heshi ya herufi 40 na mstari mpya, basi. Baiti 41. Ndiyo maana kuunda tawi kunachukua muda ule ule kwenye mradi wa mistari kumi na kwenye mradi wa mistari milioni kumi.

Sasa hivi main na riba-kwa-mwezi vimebandikwa kwenye komiti ile ile. Ukikomiti, kibandiko cha tawi ulilomo kinasogea kwenda kwenye komiti mpya, na main inabaki ilipokuwa. Git inajuaje uko tawi gani? Kwa HEAD, ambayo ni alama ya "uko hapa". Kwa kawaida HEAD inaelekeza kwenye tawi, na tawi linaelekeza kwenye komiti.

Ukihamia komiti ya zamani moja kwa moja kwa heshi yake, HEAD inaelekeza kwenye komiti bila tawi katikati. Git itakupa onyo refu kwamba HEAD imejitenga. Hakuna kilichoharibika, unaweza kutazama unavyotaka. Ila ukikomiti ukiwa hapo, hakuna kibandiko kitakachosogea, na ukiondoka komiti hiyo itabaki yatima. Ukitaka kuitunza, bandika tawi kabla ya kuondoka: git switch -c jina-lolote.

Utakutana na git checkout kwenye kila mafunzo ya zamani. Inahamisha matawi na pia kurudisha mafaili, kazi mbili zisizohusiana, na imepoteza kazi za watu wengi. Tangu toleo la 2.23 la mwaka 2019 kuna git switch ya kuhama na git restore ya kurudisha mafaili. Tumia hizo.

Hatua ya 7: Unganisha, na usikimbie mgongano

Kwenye tawi umebadilisha hesabu na kukomiti. Sasa unataka kuirudisha kwenye main. Kwanza hamia tawi linalopokea, ndipo uunganishe:

git switch main
git merge riba-kwa-mwezi

Kumeji, yaani kuunganisha huku, kuna sura mbili. Kama main haijasogea tangu utoke, Git inasogeza tu kibandiko cha main mbele hadi kwenye komiti yako. Hakuna komiti mpya. Kama main nayo imepata komiti zake, Git inatengeneza komiti ya kuunganisha, yenye wazazi wawili. Itazame kwa git log --oneline --graph --all, utaona mistari miwili inakutana.

Sasa tuseme mwenzako, wakati wewe uko kwenye tawi, ameshusha riba kwenye main iwe asilimia 8. Nyote mmegusa mistari ile ile. Git itasimama na kutangaza mgongano, na ukifungua faili utakuta hivi:

<<<<<<< HEAD
def riba(mkopo):
    return mkopo * 0.08
=======
def riba(mkopo, miezi):
    return mkopo * 0.05 * miezi
>>>>>>> riba-kwa-mwezi

Sehemu ya juu ni ya tawi ulilopo. Ya chini ni ya tawi linaloingia. Wanaoanza huona hili kama hitilafu, wanafuta folda na kuanza upya. Mgongano ni swali tu: mmeamua mambo mawili tofauti kuhusu jambo moja, lipi lishike? Na jibu mara nyingi halimo kwenye msimbo. Git haikuhudhuria kikao cha kikoba. Mpigie mhazini. Huenda akasema ni asilimia 5 kwa mwezi na ile 8 ilifutwa; huenda akasema ni 8 kwa mikopo ya zamani na 5 kwa mipya, na hapo itabidi uandike kitu ambacho hakimo upande wowote. Ukishaamua, futa alama zote tatu, acha msimbo unaotakiwa, kisha:

git add riba.py
git commit

Kuadi hapa kunamaanisha "nimelitatua hili". Ukiona umechanganya mambo katikati, git merge --abort inakurudisha ulipokuwa kabla ya kuanza.

Kuna aina mbaya zaidi ya mgongano, ile ambayo Git haiioni. Wewe umebadilisha riba ili ipokee miezi. Mwenzako, kwenye faili jingine kabisa, ameongeza ukurasa unaoita riba(mkopo) kwa namna ya zamani. Mafaili mawili tofauti, mistari haigusani, kumeji kunapita kimya kama maji mtungini, na programu inaanguka mtumiaji wa kwanza anapobofya. Git inalinganisha maandishi tu, haijui yana maana gani. Endesha majaribio yako baada ya kila kumeji, hata isipolalamika.

Neno la jirani na hili ni kuribesi. Badala ya kuunganisha kwa komiti ya wazazi wawili, git rebase inazichukua komiti zako na kuziandika upya juu ya komiti mpya zaidi, ili historia ionekane mstari mmoja. "Kuandika upya" ina maana ya heshi mpya, yaani komiti mpya. Kwenye tawi lako binafsi, fanya. Kwenye tawi ambalo wenzako wameshalichukua, acha. Mtajikuta na komiti pacha zenye majina tofauti na lawama zitakurudia.

Hatua ya 8: Peleka mbali, leta kutoka mbali

Mpaka hapa hujatumia hata baiti moja ya bando. Historia, matawi, kumeji, tofauti, vyote vimefanyika ndani ya kompyuta yako. Ni matokeo ya mahali Git ilikozaliwa. Linus Torvalds aliianza Aprili 2005, baada ya watengenezaji wa Linux kupoteza ruhusa ya kutumia bure mfumo wa BitKeeper. Watu wake walikuwa wametawanyika duniani kote, na alitaka kila mmoja awe na historia nzima mkononi bila kuitegemea seva moja. Kwa sisi tunaokatikiwa umeme na mtandao, uamuzi ule umetufaa kuliko alivyokusudia.

Hazina ya mbali, au rimoti (si ile ya televisheni), ni hazina nyingine ya mradi huo huo iliyoko kwingine. GitHub ni kampuni inayokutunzia hazina hizo, na kwa sasa iko chini ya Microsoft. GitLab na Bitbucket zinafanya kazi kama hiyo. Git yenyewe ni programu, na inafanya kazi bila kampuni yoyote.

git remote add origin anwani-ya-hazina
git push -u origin main

Origin ni jina la utani la ile anwani ndefu. Ungeweza kuliita mwanza, Git isingejali. Herufi -u inaunganisha main yako na main ya kule, ili siku zijazo uandike git push tu. GitHub ikikukataa na una uhakika wa nenosiri lako, kumbuka kwamba tangu tarehe 13 Agosti 2021 haipokei nenosiri la akaunti kwa kazi hii. Tengeneza tokeni (nenosiri maalumu la programu) au ufunguo wa SSH (jozi ya mafaili ya kukutambulisha).

Kukloni ni kinyume chake, unaichukua hazina iliyopo mbali na historia yake yote. Ukitaka ya kufanyia mazoezi, chukua ya Ushahidi, programu iliyozaliwa Kenya mwaka 2008 kukusanya taarifa za vurugu za baada ya uchaguzi, na ambayo msimbo wake uko wazi:

git clone --depth 1 https://github.com/ushahidi/platform.git

Ile --depth 1 ni ya kuokoa bando: inaleta komiti ya mwisho tu. git log itaonyesha komiti moja, usidhani imeharibika. Ukitaka historia nzima, iondoe.

Sasa tofauti ambayo ingemwokoa dogo. Kwenye kompyuta yako kuna main, na kuna origin/main. Ya pili ni kumbukumbu ya mahali main ya kule ilipokuwa mara ya mwisho ulipowasiliana nayo. Haijisasishi yenyewe. git fetch inaenda kuuliza, inaleta komiti mpya na kusogeza origin/main, lakini haigusi tawi lako wala mafaili yako. git pull inafanya fetch kisha inameji papo hapo. Mimi hupenda fetch kwanza, nitazame kilichokuja, ndipo nimeji; kupuli moja kwa moja ni kumfungulia mgeni mlango bila kuuliza nani.

Ili kujua kama kuna kazi uliyoikomiti na hujaipeleka:

git fetch
git log origin/main..main

Kisipotoka kitu, hakuna kilichobaki mlangoni. Kikitoka kitu, hizo ndizo boksi zako.

Ukipushi na kukataliwa kwa sababu kule kuna komiti usizonazo, mwenzako alikutangulia stendi. Leta kwa git fetch, unganisha kwa git merge origin/main, tatua mgongano kama upo, pushi tena. Mtu atakushauri utumie --force. Itafanya kazi, na itasogeza kibandiko cha kule kana kwamba komiti za mwenzako hazikuwahi kuwepo.

Hatua ya 9: Omba kuunganishiwa

Kwenye timu kwa kawaida hutakiwi kupushi moja kwa moja kwenye main. Unapushi tawi lako, kisha kwenye tovuti unafungua ombi la kuunganisha, wengi huliita PR, kifupi cha pull request. Wenzako wanasoma tofauti, wanaandika maoni mstari kwa mstari, wanakubali, ndipo linamejiwa. Hili si jambo la Git, ni la GitHub na wenzake. Forku nayo ni ya huko huko: ni hazina ya mtu mwingine uliyoikloni ndani ya akaunti yako kwenye tovuti, kwa kuwa huna ruhusa ya kupushi kwake. Unapushi kwenye forku yako na kuomba yeye achukue. Ombi dogo lenye jambo moja husomwa siku hiyo hiyo. La mafaili arobaini hukaa wiki, kisha mtu huandika "sawa" bila kulisoma.

Hatua ya 10: Rudi nyuma bila kuumia

Hapa maneno yanafanana na matokeo hayafanani hata kidogo.

git restore riba.py inatupa mabadiliko ya chumbani ambayo hujayaadi. Haina njia ya kurudi. git restore --staged riba.py inatoa faili boksini tu, chumbani linabaki lilivyo.

git revert heshi inatengeneza komiti mpya inayofanya kinyume cha ile uliyoitaja. Historia haifutwi, kosa linabaki kuonekana na marekebisho yake yakiwa juu. Kwa komiti iliyokwisha kupushiwa, tumia hii.

git reset inasogeza kibandiko cha tawi kurudi nyuma, na hapa ule mfano wa chumba na boksi unalipa. Ukiwa na --soft, kibandiko tu kinasogea. Bila kusema chochote, boksi nalo linarudishwa. Ukiwa na --hard, chumba nacho. Niliwahi kuandika git reset --hard nikidhani niko kwenye tawi jingine, na kazi ya tangu asubuhi ambayo sikuwa nimeikomiti ikapotea moja kwa moja. Sikuwa nimeandika git status kwanza.

Ukitaka kuiweka kazi kando kwa muda ili uhame tawi, git stash inaikunja na kuiweka kabatini, git stash pop inaitoa. Usiigeuze ghala, stashi yenye vitu tisa hakuna anayekumbuka kilichomo.

Kilichokomitiwa ni vigumu kupotea. Git inaandika kila mahali HEAD ilipopita:

git reflog

Itafute komiti uliyodhani imekwenda, chukua heshi yake, ibandike tawi: git switch -c uokoaji heshi. Kwa mipangilio ya kawaida kumbukumbu hizi hukaa siku 90, na siku 30 kwa komiti ambazo tawi halizifikii tena. Zinakaa kwenye kompyuta yako tu. Seva haina za kwako.

Hatua ya 11: Weka tegi

Kikoba kimekubali programu. Bandika jina la kudumu kwenye komiti hiyo:

git tag -a v1.0 -m "Toleo la kwanza kwa wanachama"

Tegi inafanana na tawi, ila haisogei ukikomiti. Na git push ya kawaida haizipeleki tegi. Ya dogo ilimkwamia hapo hapo, miezi kadhaa baada ya ile simu ya kwanza. Alinipigia tena, lakini safari hii alianza hivi: "Kaka, tegi iko kwangu, kule haijafika. Kuna amri yake?"

git push origin v1.0